Niliomba dawa ya maji, samaki wote wakafa

BARUA

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini. Majibu yako kuhusu kuku na perege nimeyasoma miaka mingi. Leo nina jambo ambalo wenzangu kazini wanaliona dogo, lakini nyumbani kwangu limeleta kilio cha kweli.

Nilikwenda Dar es Salaam kikazi, nikarudi na tangi la kioo la lita 60, pampu ya hewa, chujio dogo la sifongo na samaki wa mapambo 12: gapi wanane na wale wa dhahabu wanne. Niliwapakata kwenye basi kutoka Mbagala mpaka hapa, wakiwa kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni, na wote walifika wazima. Aliyeniuzia alinisisitizia kitu kimoja: "Usije ukasahau dawa ya maji."

Nikajaza tangi maji ya bomba, nikaenda duka la dawa, nikaomba dawa ya maji. Nikapewa vidonge. Pakiti inasema kidonge kimoja kwa lita 20, usubiri nusu saa. Nikaweka vitatu, nikasubiri nusu saa kwa saa ya ukutani, nikawamimina samaki. Hazikupita dakika kumi wakaanza kukimbia huku na huku na kujigonga kwenye kioo, kisha wakapanda juu wakawa wanahema kwa midomo. Mpaka adhana ya isha hakuna aliyebaki. Binti yangu wa miaka minane alikaa pale hadi wa mwisho, akaniuliza, "Baba, si ndiyo maji tunayokunywa sisi?" Sikuwa na jibu.

Fundi bomba mmoja jirani yangu akaniambia klorini hutoka yenyewe ukiyaacha maji wazi. Nikaosha kila kitu kwa sabuni: tangi, mchanga na ile sifongo, nikasuuza mpaka basi. Maji nikayaacha kwenye ndoo wazi siku mbili. Nikapamba kwa mawe ya matumbawe na makombe tuliyookota ufukweni Mikindani. Nikaagiza samaki wengine kumi, gapi na wa dhahabu. Safari hii walikaa vizuri siku tatu. Siku ya nne wakaanza kuzubaa chini, hawali. Siku ya saba alibaki mmoja, naye hakuiona ya nane.

Sasa nimetumiwa vitu viwili kutoka Dar. Kimoja ni mfuko mdogo wa chembe kama chumvi ya mawe, hauna maandishi ila umeandikwa kwa kalamu "anti klorini". Kingine ni chupa ya Prime ya Seachem ya mililita 100, yenye harufu mbaya mpaka mama watoto akaniuliza kama imeoza. Nitumie ipi, na kiasi gani? Na kama shida ni klorini, wale wa pili waliuawa na nini? Mke wangu anasema tangi tuligawe, tuache kuua viumbe vya Mungu. Mimi nataka nijaribu mara moja tu zaidi, ila safari hii nijue ninachofanya.

Baba wa wawili, Chikongola


JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni. Pole ya kwanza nampa binti yako, kwa sababu ameuliza swali ambalo wengi tunaofuga samaki tulichelewa sana kuliuliza.

Nianze na vidonge. Kwetu huku ukisema "dawa ya maji" kila mtu anaelewa kitu kimoja: ile ya kuua vijidudu vya kuhara na kipindupindu kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Aliyekuhudumia dukani alikupa hasa ulichoomba, na wewe ulifuata maelekezo ya pakiti bila kukosea. Tatizo ni kwamba dawa ile kazi yake ni kutia klorini kwenye maji, na dawa aliyokuwa anaisema muuza samaki kazi yake ni kuitoa. Jina ni moja, kazi zinapingana. Kidonge cha lita 20 kimetengenezwa kiache klorini ya takriban miligramu 2 katika kila lita, juu ya ile iliyokuja na bomba. Samaki wadogo huanza kuumia hata ikiwa chini ya miligramu 0.1. Kwa hiyo maji uliyowamiminia yalikuwa makali zaidi ya mara ishirini ya kiasi kinachotosha kuwadhuru. Hawakufa kwa uchovu wa safari wala kwa ugonjwa waliotoka nao Dar.

Tangu leo, ukiagiza au ukimwelekeza mtu, usitaje "dawa ya maji" hata kidogo. Sema "dawa ya kuondoa klorini kwa ajili ya samaki", maneno yote hayo, hata kama muuzaji anakuona unaeleza sana.

Sasa swali la binti. Siku mkienda kununua kitoweo, mchukue. Chagua changu mbichi, inua kile kifuniko cha shavu, umwonyeshe yaliyomo ndani: nyuzi nyekundu zimepangana safu kwa safu kama matamvua ya mtandio, na ndiyo maana tunayaita matamvua. Mwache aguse kwa ncha ya kidole, aone zilivyo laini. Damu ya samaki inapita ndani ya nyuzi zile, na kati yake na maji kuna utando mwembamba kupita karatasi yoyote. Hapo ndipo samaki anapovuta hewa iliyoyeyuka majini. Sisi maji tunayameza, na klorini kidogo iliyomo inaishia kwenye mate na chakula tumboni. Samaki anayapumua, usiku na mchana, hana pa kuyakimbia. Klorini inaunguza zile nyuzi, zinavimba na kutoa ute, na hewa haipiti tena. Ndiyo maana walihema juu wakati pampu yako ilikuwa inatoa mapovu vizuri kabisa. Hewa ilikuwepo ila wao hawakuwa tena na mlango wa kuiingizia. Mweleze hivyo hivyo. Mtoto wa miaka minane ataelewa, na atajua pia kwamba maji anayokunywa yeye si sumu.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa wazazi wote. Klorini ya bomba inatulinda. Shirika la Afya Duniani linataka maji yamfikie mtumiaji yakiwa bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, ili vijidudu vinavyoingia njiani kwenye mabomba vifie humo humo. Kinachomlinda mwanao ndicho kinachomuua samaki wake, na kazi yetu sisi ni kusimama katikati na kipimo mkononi.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Zamani, nyumbani Lindi, nilikuwa na bwawa dogo la saruji lenye vifaranga wa perege. Maji yalikuwa yanatoka usiku tu. Nikafungulia mpira wa bomba bwawani, nikaenda kulala nikitegemea kuamka alfajiri niufunge. Alfajiri nilikuta bwawa limejaa pomoni na vifaranga wameelea matumbo juu, wengi wao wamejikusanya kwenye kona iliyo mbali zaidi na mpira. Ile kona siisahau. Walikuwa wanakimbia.

Tuje kwenye dawa zako mbili. Dawa nyingi za kuondoa klorini, ziwe za chupa nzuri au za mfuko, msingi wake ni chumvi iitwayo sodiamu thayosalfeti. Kama ulisoma kemia kidato cha nne, mlikutana: ni ile ya jaribio la alama ya X chini ya chombo, mkimwaga asidi mchanganyiko unakuwa na ukungu wa njano mpaka X inapotea, huku mmoja ameshika saa. Katika maji ya samaki hakuna asidi kali kama ile, hivyo hakuna ukungu. Thayosalfeti inaikamata klorini mara moja na kuigeuza kuwa chumvi ya kawaida isiyo na madhara kwa kiasi kile. Makadirio ninayotumia ni miligramu 7 za chembe kwa kila miligramu 1 ya klorini. Ni dawa rahisi, ya zamani, na wenye mabwawa makubwa wanaitegemea kwa sababu ya bei.

Lakini mfuko wako hauna maandishi. Chembe nyeupe zinazong'aa zinaweza kuwa thayosalfeti, zinaweza kuwa chumvi, magadi au kitu kingine. Kuna jaribio dogo la mezani. Chukua glasi ya maji safi, dondoshea tone moja la iodini ya kupaka vidonda, koroga. Maji yanakuwa rangi ya chai nyepesi. Tupia chembe mbili tatu za mfuko wako, koroga tena kwa utulivu, uangalie kwenye mwanga wa dirisha. Ikiwa ni thayosalfeti, ile rangi ya chai inafutika mbele ya macho yako na glasi inabaki nyeupe kama hukuweka kitu. Rangi ikibaki, chembe hizo haziondoi klorini, zitupe. Ikifutika, yaelekea ndani yake mna kitu chenye uwezo wa kuondoa klorini, lakini hujajua ni safi kiasi gani, wala kama ni hiyo thayosalfeti au ndugu yake mwingine mwenye kipimo tofauti. Glasi hiyo usiirudishe jikoni kabla ya kuiosha vizuri.

Kwa hiyo nakuchagulia Prime, na sababu yangu kubwa ni maandishi yake. Chupa inasema mililita 5 kwa lita 200. Kipimo unakijua, na aliyeitengeneza unamjua. Ile harufu ya yai viza ni ya salfa, ndivyo dawa hiyo ilivyo, mwambie mama watoto haijaoza. Usidhani ni anasa pia: chupa yako ya mililita 100 inatosha kutibu lita 4,000 za maji. Ukibadilisha lita 15 kila wiki, hesabu inakupeleka zaidi ya miaka mitano. Mwenye tangi dogo kama lako hana haja ya kuhangaika na chembe za mfuko kwa kutafuta unafuu.

Kuna sababu nyingine ya kuichagua. Mamlaka nyingine za maji duniani hazitii klorini tupu, zinaichanganya na amonia wapate kloramini, ambayo inakaa muda mrefu zaidi kwenye mabomba. Kloramini haitoki kwa kuyaacha maji wazi siku moja au mbili kama alivyokufundisha fundi bomba wako. Maneno yake ni ya kweli kwa klorini peke yake. Thayosalfeti tupu nayo inavunja kloramini nusunusu: inaimaliza klorini, inaiacha amonia ndani ya tangi. Dawa kama Prime zimetengenezwa zishughulike na zote mbili. Pita ofisi ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya mji wenu, uulize mambo mawili: mnatia klorini tupu au kloramini, na kwa kawaida inafika mitaani ikiwa kiasi gani? Ni swali halali la mteja. Wanaopima hutumia kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi kulingana na klorini iliyomo, na ukiomba kwa adabu pengine watakuonyesha. Mchukue binti na huko.

Namna ya kuipima. Omba duka la dawa bomba la sindano la mililita 1, lisilo na sindano. Andaa ndoo mpya ya lita 20 ambayo haijawahi kuguswa na sabuni, iandike kwa rangi SAMAKI, na isitumike kwa jambo lingine lolote mpaka ipasuke. Ndoo ikijaa, vuta nusu mililita ya dawa, mimina, koroga kwa mkono uliosuuzwa kwa maji matupu. Inafanya kazi ndani ya dakika chache. Mimi huacha robo saa huku nikiyachota kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, hasa haya yetu yanayotoka ardhini. Maji ya kisima kirefu hufika yakiwa na oksijeni kidogo.

Wako wanaomimina maji ya bomba moja kwa moja kwenye tangi kisha wakatia dawa. Wakifanya hivyo, kipimo kinahesabiwa kwa maji ya tangi zima, na dawa inatangulia maji. Tangi lako la lita 60, ukitoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu, lina maji kama lita 50, hivyo ni mililita 1 na robo. Mimi siipendi njia hiyo. Ukikosea kwenye ndoo, umekosea maji matupu.

Halafu usizidishe dawa ukidhani unaongeza ulinzi. Klorini ikishakwisha, dawa iliyozidi haina wa kupambana naye, na baadhi ya dawa za aina hii zikizidi sana hula oksijeni ya maji. Katika joto la huku hatuna oksijeni ya kuchezea: maji ya nyuzijoto 30 hushika takriban miligramu 7.5 kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hushika 9.

Joto hilo lina jambo jingine. Kama maji yako yanapitia simtanki juu ya mnara, ya saa nane mchana yanatoka ya moto kabisa. Chota alfajiri, kisha gusa ndoo na tangi kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Ukisikia tofauti, subiri. Na siku maji yaliyokatika yanaporudi, yale ya mwanzo yenye kutu na povu usiyapeleke kwa samaki. Wakati wa hofu ya kipindupindu nako klorini huongezwa, basi kipindi hicho badilisha maji kidogo kidogo.

Sasa wale kumi wa pili. Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu hakuna chupa ya dawa ambayo ingetosha kuwaokoa.

Maji yako ya safari ile yalikuwa hayana klorini, nakubali. Yalikuwa pia hayana uhai wowote. Samaki anapokula na kujisaidia, na chakula kinapobaki chini, inatoka amonia. Amonia inaunguza matamvua yale yale, ila polepole, kwa siku kadhaa. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sifongo, mchanga na mawe. Kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia mpaka ubadilishe maji. Bakteria hao hawauzwi na tangi. Wanajijenga wenyewe kwa wiki nne mpaka sita. Wewe ulianza na sifongo iliyosafishwa kwa sabuni, ukaleta samaki kumi siku moja. Siku tatu za mwanzo walikaa vizuri kwa sababu amonia ilikuwa bado inajikusanya. Ya nne ilifika.

Tofautisha vifo hivyo viwili, vitakusaidia maisha yote. Samaki akihangaika dakika chache baada ya maji mapya, shuku klorini au joto. Akizubaa taratibu siku kadhaa baada ya tangi kuanza, shuku amonia.

Na matumbawe yako yaliongeza makali. Chukua kipande kimoja, kikaushe, kamulia ndimu juu yake, weka sikio karibu. Utasikia kinachemka na kuona vipovu vidogo vikitoka. Hiyo ni chokaa. Ndani ya tangi inayeyuka kidogo kidogo, inapandisha kile kipimo cha uasidi na ualkali wa maji kiitwacho pH. Kikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia iliyo sumu zaidi huongezeka karibu mara kumi. Gapi wanapenda maji yenye chokaa, hilo halina shida kwa tangi lililokomaa. Shida ni chokaa pamoja na amonia. Yarudishe mawe hayo yalikotoka, na safari nyingine msiyaokote. Matumbawe ni nyumba za samaki wanaotulisha pwani hii, na ukisogea kusini kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi iliyowekwa kuyalinda. Tafuta mawe ya mtoni ambayo ukiyakamulia ndimu yanakaa kimya.

Kwa hiyo anza hivi. Tangi lioshe kwa maji matupu mpaka dalili ya sabuni iishe. Sifongo ile itupe, nunua nyingine, kwa sababu sabuni iliyojificha kwenye vitundu vyake hutaiona. Jaza maji yaliyotibiwa kwa dawa, ndoo kwa ndoo. Washa pampu isizimwe, usiku na mchana. Kila siku mbili tupia chembe chache za chakula cha samaki ndani, kana kwamba wapo. Kitaoza, kitatoa amonia, na bakteria watapata cha kula. Ukimpata mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wenye afya, muombe kipande cha sifongo yake kikiwa kibichi, kifike kwako ndani ya maji yale yale, ukitumbukize kwenye tangi lako. Hiyo itakupunguzia wiki kadhaa. Umeme ukikatika muda mrefu, chota maji kwa kikombe na kuyarudisha kutoka juu mara kwa mara, kwa sababu bakteria nao wanahitaji hewa.

Kama unaweza kuagiza vipimo vya amonia na nitriti, viagize kabla ya samaki. Vikionyesha sifuri kwa vyote viwili siku kadhaa mfululizo, na chakula bado unatia, tangi liko tayari.

Ukishakuwa na samaki, kila wiki toa lita 12 hadi 15 kwa mpira, ukinyonya uchafu wa mchangani, urudishe maji yaliyotibiwa. Sifongo ikijaa, isuuze ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba. Klorini haibagui: itawaua bakteria wako kama ilivyowaua samaki, nawe utarudi siku ya kwanza bila kujua.

Samaki wa dhahabu waache. Wanachafua maji mno, wanakua wakubwa, na wanapenda maji ya baridi kuliko ya kwetu. Wanne kwenye lita 60 wangekushinda hata ungefanya kila kitu sawasawa. Gapi ndio wa joto letu, na moli pia kwa mwenye kisima chenye chumvichumvi karibu na bahari.

Nigeuke kidogo kwa wasomaji wa Newala na Tandahimba wanaovuna maji ya mvua. Yenu hayana klorini, hivyo dawa hii hamuihitaji kwa hilo, ila msiyachukue ya mvua za kwanza zinazoosha vumbi la bati. Bati lenyewe pia huachia zinki, na zinki kwenye maji laini ya mvua ni mbaya kwa samaki. Yaliyokaa kwenye kisima cha saruji cha siku nyingi ni bora kuliko ya pipa. Ila mkishatia vidonge kwa ajili ya kunywa, mmerudi kwenye habari ya Chikongola.

Mama watoto naye mwanangu umsikilize. Anachosema ni haki, viumbe 22 wameshakufa ndani ya nyumba yake. Usimwombe akuamini kwa maneno. Mwombe wiki sita za tangi lenye maji matupu na pampu inayounguruma, na kwamba ukiruka hatua yoyote, tangi linagawiwa siku hiyo hiyo. Binti mpe daftari: tarehe, ndoo ngapi, nusu mililita imewekwa au bado. Dawa yenyewe ashike mkubwa, ikae kabatini penye giza na ubaridi, juu, mbali na ile pakiti ya vidonge. Vidonge virudi kwenye maji yenu ya kunywa.

Wiki ya sita ikifika, usiagize kumi. Agiza gapi wanne. Uwape chakula kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku, ukae mwezi mzima kabla ya kuongeza wengine. Na ofisi ya maji wakikujibu kuhusu kloramini, niandikie walichosema, maana barua za kuuliza hilo ninazo nyingine mbili hapa, moja ya Ligula na moja ya Mikindani.